Tulisubiri sura ya Kenya, tukaangukia 1925 ya Élisabethville

Huku tumezoea kusoma mambo mazito: Union Minière, 1960, migomo ya chuo. Leo mnivumilie, historia yangu inaanzia kwenye mchezo wa meza. Najua kuna mtu atauliza: wewe ulisoma agro, licence iko mfukoni, mahindi umeyaacha wapi? Yatakuja. Hata humu ndani yako kidogo.

Kwa wasiojua, kuna michezo ambayo watu wanne au watano wanakaa mezani, kila mmoja anashika mhusika wake, na mmoja anakuwa msimulizi. Msimulizi anasema mlipo na mnachokiona. Nyinyi mnasema mnafanya nini. Ikiwa jambo ni gumu, dadu zinaamua. Huo mtindo ulianza Marekani 1974 na Dungeons & Dragons. Sisi tunacheza mwingine, Call of Cthulhu, ambao Wafaransa wanauita L'Appel de Cthulhu. Ulitungwa na Sandy Petersen, ukatolewa na kampuni ya Chaosium 1981. Huku hakuna shujaa mwenye upanga. Wahusika ni watu wa kawaida wa miaka ya 1920: mwandishi wa gazeti, daktari, mwalimu. Wanachunguza kifo au kupotea kwa mtu, na kila wanapokaribia ukweli akili yao inapungua, pointi kwa pointi.

Tulianza watu watano kwenye chumba cha kupanga, mwaka wangu wa pili chuoni. Dadu hatukuwa nazo. Tulikata vipande vya karatasi, kumi vya makumi na kumi vya moja-moja, tukaviweka kwenye vikombe viwili vya plastiki. Unachota huku, unachota kule, unapata namba yako. Mpaka leo tuko na dadu za kweli, lakini mmoja wetu anakataa kuzitumia. Anasema karatasi zinamjua.

Mwaka 2018 habari ikafika: Masks of Nyarlathotep inatoka upya. Hii ni kampeni, maana yake hadithi ndefu ambayo kundi linaweza kuicheza mwaka mzima au zaidi. Aliitunga Larry DiTillio pamoja na Lynn Willis, ikatoka mara ya kwanza 1984. Watu wengi wa mchezo huu wanaiweka juu ya kampeni zote. Wachunguzi wanaanzia New York, wanapita London, Cairo, Kenya, Shanghai. Sura ya Australia ilikatwa mwanzoni kisha ikaja kuungwa baadaye. Toleo jipya liliongeza Peru mbele, na lote lina kurasa zaidi ya 600.

Mimi sikujali Peru wala Shanghai. Nilisubiri sura moja tu. Nilipotangaza mezani kwamba iko sura ya Kenya, mmoja akauliza, uso mkavu kabisa: «Avenue gani?» Kwa wasio wa Lubumbashi: Kenya kwetu ni commune, pembeni ya Kamalondo na Katuba. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Lakini chini ya kicheko tulikuwa na hamu ya kweli. Miaka miwili tulikuwa tumecheza kina Smith na kina Henry, watu wa Boston wenye koti na kofia, theluji nje ya dirisha. Theluji hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuigusa. Sasa kampeni kubwa kuliko zote ingetuleta mahali ambapo watu wanasema Kiswahili, hata kama ni kile cha kule, chenye ngeli zote na heshima nyingi. Tulipanga wahusika kabla ya kuona ukurasa hata mmoja. Mmoja alitaka kuwa karani wa reli wa Mombasa. Mwingine mpagazi aliyerudi kutoka vitani. Ndugu ya rafiki yetu aliyeko Ubelgiji alinunua faili, akatutumia. Lilikuwa kwa Kiingereza. Nilikaa nalo wiki tatu na kamusi, na kuchapisha sura ya Kenya peke yake kulikula pesa yangu ya chakula ya wiki nzima.

Kuanzia hapa nafichua mambo. Kama unataka kuicheza siku moja, ruka.

Kisa kiko hivi. Mwaka 1919 tajiri kijana wa New York, Roger Carlyle, anaongoza msafara kutoka Amerika kupitia London na Misri mpaka Afrika ya Mashariki ya Waingereza. Msafara unatoka Nairobi, unapotea. Baadaye maiti zinapatikana kwenye misitu ya Aberdare. Lawama inawaangukia Wanandi, na watano wananyongwa baada ya kesi ya haraka. Mwaka 1925 mwandishi mmoja, rafiki wa wachunguzi, anagundua kwamba hadithi hiyo haisimami. Anauawa. Wachunguzi wanafuata nyayo zake.

Sasa nianze na lililonifurahisha. Mchezaji anapewa mkononi vipande vya gazeti la wakati ule, vya kutungwa lakini vina harufu ya kweli. Kimoja kinaeleza kunyongwa kwa wale Wanandi watano, kwa maneno machache na ya kujiridhisha, kama vile habari ya bei ya kahawa. Anayekisoma kwa haraka anaona kesi imekwisha. Anayekisoma kwa makini anaanza kujiuliza mashahidi walikuwa nani. Hiyo ni kazi ya mwanahistoria kabisa, na nawaambia kweli, somo letu la ukosoaji wa vyanzo halikunifundisha vizuri kama kile kipande. Jambo la pili: Nairobi ndani ya kitabu, kati ya watu wanaoweza kuwasaidia wachunguzi, yuko kijana anayeitwa Johnstone Kenyatta. Ndiyo, huyo huyo. Mwaka 1925 Kenyatta wa kweli alikuwa mfanyakazi wa idara ya maji ya mji wa Nairobi, bado hajawa kiongozi wa chama. Kumweka pale kimya-kimya, bila tarumbeta, ni wazo zuri.

Kisha nikafungua ramani. Wanandi wako magharibi ya Bonde la Ufa. Aberdare, Nyandarua, iko ng'ambo ya pili, upande wa Wakikuyu. Wangefuata nini huko? Mwanzo niliandika pembeni kwa bic nyekundu: kosa. Baadaye nikafuta. Kwa polisi wa kikoloni wa 1919, Mnandi alikuwa mshtakiwa tayari kabla ya kosa kutendeka. Wanandi walipambana na Waingereza na reli yao kwa miaka kumi hivi, kuanzia 1895. Kiongozi wao, orkoiyot Koitalel arap Samoei, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani tarehe 19 Oktoba 1905, na afisa Richard Meinertzhagen akampiga risasi pale pale. Mwaka 1923 Wanandi walipanga kufanya sherehe yao ya kukabidhi madaraka kwa rika jipya. Serikali ikaogopa uasi, ikaipiga marufuku, ikamkamata mtoto wa Koitalel, Barsirian arap Manyei. Alikuja kuachiwa 1964, Kenya ikiwa tayari huru. Zaidi ya miaka 40 kifungoni na uhamishoni! Wachunguzi wa kampeni wanatua Nairobi mwaka 1925, miaka miwili tu baada ya kukamatwa kwake. Nilitegemea kumkuta hata kwenye mazungumzo ya baa. Kwangu mimi hilo ndilo pengo kubwa: kitabu kina Wanandi waliosingiziwa, na Wanandi wa kweli waliosingiziwa walikuwa pale pale, wamekaribia kugusana.

Wapagazi pia. Kwenye msafara wa Carlyle tunajua majina ya wakubwa watano, tabia zao, ndoto zao, hata mapenzi yao. Wabeba mizigo waliokufa nao ni idadi. Mwaka 1919 mpagazi wa Nairobi alikuwa mtu aliyetoka kwenye Carrier Corps, kikosi kilichobeba vita ya Waingereza dhidi ya Wajerumani kichwani na mgongoni, na makumi ya maelfu yao hawakurudi. Majina ya Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi yametoka hapo. Kwetu pia babu zetu walibebeshwa mpaka Tabora 1916. Rafiki yangu aliyetaka kucheza mpagazi ilibidi ajitungie kila kitu mwenyewe.

Mambo yaliharibika kwenye mlima. Sura ya Kenya inaishia kwenye mlima wa kutungwa, Mlima wa Upepo Mweusi, ambapo dhehebu la siri linaloongozwa na kuhani mwanamke, M'Weru, linakusanya maelfu ya watu kwa ibada ya damu. Toleo la 2018 lilijaribu kurekebisha. Wahariri wanazungumza wazi juu ya ubaguzi wa miaka ile, wenyeji wengi wamepewa uso na sababu, na mzee Bundari, mganga anayepigana upande wa wema, ni mhusika niliyempenda sana. Lakini mifupa ya 1984 imebaki. Usiku, msitu, ngoma, umati wa watu weusi wasio na majina, na wageni wachache wenye bastola. Mifupa hiyo ni ya zamani kuliko mchezo wenyewe. Inatoka kwa H. P. Lovecraft, ambaye dunia yake ndiyo imezaa mchezo huu. Na Lovecraft aliwahi kuandika juu ya Kongo: hadithi yake ya Arthur Jermyn, ya 1921, ina mvumbuzi wa Kiingereza, mji uliopotea katika Kongo, na damu ya nyani inayoingia kwenye ukoo wa kizungu. Kumbukeni huo mwaka 1921. Tutaurudia.

Ilikuwa Jumamosi, umeme umekatika, tuko na mshumaa mmoja. Nilikuwa nasoma maelezo ya mlima kwa sauti nzito, najipenda kidogo. Wachunguzi wako juu ya jiwe, chini ni umati. Mmoja akasema anatupa baruti. Wengine wakakubali. Yule rafiki yetu wa karatasi akakaa kimya, akaweka kikombe chini.

«Hao bantu chini ni banani?»

Nikamwambia ni wafuasi wa dhehebu.

«Nani alisema ni dhehebu?»

Nikaangalia kitabu. Nikasema, polisi, wamisionari, magazeti.

«Njo vile balisemaka juu ya nkambo wangu.»

Wengine hatukuwa tunajua. Familia yake ni Wakimbanguiste, asili yao Bas-Congo. Babu wa baba yake alikamatwa kwa kuimba na kusali, akatolewa kijijini na mke na watoto, akapelekwa mbali. Ndiyo sababu wako Katanga mpaka leo. Hatukumaliza sura ile usiku huo. Sema ukweli, nilikasirika kidogo. Nilikuwa nimetayarisha wiki tatu. Kesho yake hasira ikaisha, ikabaki aibu. Nikaenda kusoma.

Simon Kimbangu alianza kuhubiri na kuponya Nkamba, Aprili 1921. Watu wakaacha mashamba na kazi, wakamfuata. Septemba akakamatwa, na tarehe 3 Oktoba 1921 mahakama ya kijeshi ya Thysville ikamhukumu fimbo 120 na kifo. Mfalme Albert akabadilisha kifo kuwa kifungo cha maisha. Kwa hiyo mwaka ule ule jinamizi la Lovecraft juu ya Kongo linachapishwa, Kongo ya kweli ilikuwa inamsafirisha mtu asiyeua yeyote kumvusha nchi nzima. Na alipelekwa wapi? Hapa. Gereza la Élisabethville. Alikaa mpaka alipokufa, 12 Oktoba 1951, miaka 30. Miaka yote ile watoto wa mji huu walikuwa wanapita na daftari kwenda shule, na yeye yuko ndani. Commune tunayoiita Kamalondo, ambako nilikuwa nanunua nyama choma siku za mitihani, wakati wa wakoloni iliitwa Albert, jina la mfalme yule yule. Kanisa lake lilitambuliwa tu Desemba 1959, miezi sita kabla ya uhuru.

Na wafuasi? Walitawanywa Kongo nzima. Hapa agro inaingia, na hapa ndipo niliumia. Katika miaka ya 1940 utawala ulifungua kambi za «wahamishwa hatari», watu wa dini walizoziita za siri, Wakimbanguiste na watu wa Kitawala: Lowa, Ekafera, na Kasaji ya hapa Katanga. Jina rasmi la kambi zile ni colonies agricoles, makoloni ya kilimo. Miaka mitano darasani nilisoma juu ya mazao ya koloni na vituo vya utafiti, sikukumbuka kuambiwa kwamba neno «kilimo» liliwahi kubandikwa kwenye lango la kambi ya wafungwa wa imani.

Ningeishia hapo, ingekuwa rahisi: kitabu kibaya, sisi wema, polisi waongo. Lakini 1925 ya Katanga ina mtu mwingine.

Aliitwa Tomo Nyirenda, mzaliwa wa Nyasaland, Malawi ya leo. Alipata mafundisho ya Watchtower akiwa Rhodesia ya Kaskazini, akaanza kubatiza, akajiita Mwana Lesa, mtoto wa Mungu. Lesa si lazima nilitafsiri kwa watu wa Lubumbashi. Watu walikuja kwa maelfu, maana aliahidi kuondoa uchawi. Ubatizo wake ulikuwa wa kuzamisha mtoni, na ulikuwa pia kipimo: ambaye mwili wake haukuzama vizuri alikuwa mchawi, akauawa papo hapo majini. Kati ya Walala, chifu mmoja alimtumia kuwamaliza watu aliotaka wamalizwe. Alipoona anatafutwa, alivuka mpaka akaingia Katanga, na huku aliua wengi zaidi kuliko kule. Hesabu inayotajwa kwa jumla inakaribia 200. Alikamatwa 1925, akanyongwa 1926.

Sasa utafanya nini? Mwaka mmoja, koloni moja, faili za polisi zenye neno moja, secte. Ndani ya faili moja ni mtu aliyeponya. Ndani ya nyingine ni mtu aliyezamisha wanawake wazee mtoni. Nilimpelekea rafiki yangu kurasa nilizosoma. Alikaa nazo siku mbili. Kisha akaniambia kitu kimoja: waliouawa na Mwana Lesa nao walikuwa wameitwa jina, mchawi, na hakuna aliyeuliza nani alisema.

Hapo ndipo tulipoanza kuandika sura yetu. Tuliweka kanuni chache. Kimbangu haonekani, hasemi, hakuna dadu inayotupwa kwa ajili yake. Yupo nyuma ya ukuta tu. Jini wa Lovecraft hayupo. Wachunguzi ni watu wa hapa: karani wa Union Minière, muuguzi, mpishi wa mzungu, mwanamke anayeuza bukari kwa wachimbaji. Kwa maisha ya boy na mpishi tulipata msaada mkubwa kutoka kwa Vocabulaire ya mji wa Élisabethville, historia iliyoandikwa 1965 na André Yav kwa niaba ya wafanyakazi wa nyumbani, kwa Kiswahili cha hapa hapa, bila kumwomba mtu ruhusa ya sarufi. Kama hamjaisoma, isomeni kabla ya kunicheka mimi.

Na mahindi, niliahidi. Katanga ya 1925 haikujilisha. Unga wa wachimbaji ulikuwa unaingia kwa treni kutoka Rhodesia ya Kaskazini, kama leo unavyoingia kwa malori kutoka Zambia. Kwa hiyo sura yetu inaanzia stesheni, treni ya magunia. Mpakuaji mmoja anasema kule alikopita mtoni kuna maiti, na kwamba mtu wa Mungu anakuja. Habari na chakula vimepanda behewa moja. Hilo ndilo wazo langu pekee kwenye sura nzima ambalo najivunia, na limetoka kwenye licence yangu.

Mnaniuliza basi, kitabu kinunuliwe? Kwa kundi lenye uzoefu nasema ndiyo. Vipande vya gazeti peke yake vinastahili, New York na Cairo zimejengwa vizuri, na sura ya Kenya yenyewe ukiingiza Barsirian, ukiwapa wapagazi majina, na ukimbana msimulizi aeleze kila mtu aliyeko mlimani alifikaje pale, inakuwa kitu kingine. Kwa kundi la wanaoanza, hapana. Wataitumia kama ilivyo, watatupa baruti na watalala vizuri. DiTillio alikufa 2019, mwaka mmoja tu baada ya toleo jipya. Ningependa kumwuliza kama alijua habari za 1923.

Mwezi uliopita tulicheza sura yetu kwa mara ya kwanza, wakati wa kasiku, baridi imetubana, blanketi mabegani. Rafiki yetu alichagua kuwa msaidizi wa jikoni anayepeleka chakula gerezani. Amefika langoni na sufuria, jua bado halijatoka. Mlinzi anamwuliza anampelekea nani. Nilimwambia lazima achote karatasi kama anataka kudanganya. Akatikisa vikombe vyake viwili muda mrefu kuliko kawaida, akachota 0 na 4, akaniangalia.

«Pita,» nikasema.